Safari ya Bombay, na Mwanamke Kusafiri Ugenini

Watayarishaji wa kitabu hiki wameniomba niandike kuhusu usalama na raha ya wanawake wanaposafiri katika nchi wasizozizoea. Nafikiri wamenichagua kwa kuwa nimesomesha wasichana miaka mingi hapa Muscat, na wanatumai kwamba mwalimu hakosi nasaha. Nasaha ninazo. Lakini haitakuwa haki nizitoe kabla sijaeleza safari ya Bombay ya 2018, ambayo wengi wenu mnaijua kwa matokeo yake tu, kwamba dada yangu alikwenda na moyo mbovu akarudi mzima, alhamdulillahi. Yaliyotupata usiku wa kwanza hamkuambiwa. Aliyewaficha ni mimi, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Mtakumbuka mambo yalivyokuwa. Vali moja ya moyo wa dada ilikuwa imekaza, haifunguki sawasawa, na madaktari wakasema lazima ibadilishwe. Visa ya matibabu ya India humruhusu mgonjwa afuatane na watu 2. Kaka yetu goti lilikuwa limemlaza, mtoto wa kiume wa dada hakupata likizo huko Dubai, na wengine kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Tukabaki wanawake 3: mgonjwa mwenyewe, binti yake aliyekuwa na miaka 23, na mimi.

Barazani kwa kaka palizungumzwa sana usiku ule. "Wanawake watatu peke yenu, India, bila ya mwanamume?" Nilimjibu kwa maneno makubwa makubwa. Nikamkumbusha kwamba 1975, yeye na marehemu baba walipokuwa wametangulia, mama yetu alitutoa Unguja watoto 4 wa kike, wala hakuwa na mwanamume wa kumshika mkono. Kaka akanyamaza. Nilishinda hoja, na nadhani ushindi ule ndio ulionitia kiburi.

Hii habari ya mama naomba niizungumze kidogo, maana vijana wetu hawakuwahi kumwona. Mama alisoma chuoni tu, na herufi za Kizungu hakuzijua. Melini, kabla hajatua mzigo wake, alisimama akatazama watu wote, akachagua mama mmoja mtu mzima mwenye watoto, akenda akakaa ubavuni mwake. Akamsalimu, akampa mtoto wake kipande cha mkate. Haikupita nusu saa wale wawili wakawa kama ndugu. Mmoja akenda msalani, mwengine hulinda watoto na mizigo. Pesa alizifunga kwenye mapindo ya kanga, si pindo moja, na kanga yenyewe ni ile ya ndani. Na alipotokea bwana mmoja akajibanza karibu na dada zangu, mama alisema kwa sauti ambayo sitaha nzima iliisikia: "Baba, hapa wamekaa wanawake!" Yule bwana akaondoka. Mimi nilikuwa na miaka 14, nikajifunika uso kwa mtandio kwa kumwonea haya mama yangu.

Sasa nirudi Bombay. (Mji umeitwa Mumbai tangu 1995, lakini sisi wazee wa pwani tumezoea Bombay.) Kutoka Muscat ni safari fupi ya ndege, na saa za India zimetangulia zetu kwa saa 1 na nusu. Kosa la kwanza nililifanya nilipokata tiketi: niliangalia bei, sikuangalia saa ya kufika. Tukatua karibu na saa 5 za usiku, na mpaka tukamaliza paspoti na mizigo ilikuwa saa 6 imekwishapita. Dada yuko kwenye kiti cha magurudumu, sote tumechoka, na nje pale mlangoni pana umati wa watu, kila mmoja anaita.

Akatujia kijana mmoja nadhifu, ndevu zimechongwa vizuri, akatutolea salamu ya Kiislamu kamili mpaka mwisho wake. Alizungumza Kiarabu cha kuvunjika vunjika. Akamwita dada "hajjiya". Akasema anatoka katika spitali yetu, akaitaja kwa jina, ametumwa kutupokea. Nilifurahi mno. Nilimwona kama malaika. Mwanangu, yule binti wa dada, akanivuta mkono akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Mama Mdogo, huyu mimi simwamini. Spitali hawakutuambia kama watatuma mtu. Kwa nini hana karatasi yenye majina yetu?" Nami nikamjibu kama nilivyowajibu wasichana wangu wa skuli kwa miaka yote, nikamwambia, "Nyamaza. Mtu amekuja kwa salamu, unamtukana? Ndivyo ulivyolelewa?"

Akanyamaza, maskini, kwa adabu yake. Yule kijana alikuwa hajatuuliza hata majina yetu. Jina la spitali nadhani alilisoma kwenye bahasha kubwa ya picha za dada niliyokuwa nimeishika kifuani.

Gari ilitupeleka mbali kuliko nilivyotazamia, ikatuteremsha katika uchochoro mbele ya nyumba ya wageni. Chumba kilikuwa ghorofa ya 3, lifti haipo. Dada mwenye moyo ule akapandishwa ngazi 2, 3, akipumzika, 2, 3, akipumzika, na midomo ikaanza kubadilika rangi. Mimi na binti yake tukambeba. Chini karani alichukua paspoti zetu zote 3, akasema ni za kuandikisha, atazirudisha asubuhi. Nilimpa. Binti akanitazama tu, hakusema kitu tena.

Mlango wa chumba ulikuwa na kitasa kimoja, na ufunguo mwengine bila shaka u kwa karani. Komeo la ndani lilikuwa limeng'olewa. Matundu ya misumari yalikuwa yakionekana. Nilisema tulale, asubuhi tutaona. Binti hakulala. Alivua kiatu chake cha kisigino akakipigilia chini ya mlango, akakaa juu ya sanduku.

Saa 9 za usiku kitasa kikazunguka. Mlango ukasukumwa, ukagonga kile kiatu, ukakwama. Ukasukumwa tena kwa nguvu zaidi. Nilitaka kuuliza "nani?" na sauti haikutoka. Niliyewaongoza wasichana 40 darasani kwa sauti yangu, siku ile nilikuwa bubu. Aliyepiga ukelele ni yule mtoto niliyemnyamazisha. Alipiga kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, na mwisho kwa Kiswahili, "Mwizi! Mwizi!" mpaka mlango wa upande wa pili ukafunguka, akatoka mama wa Kiyemeni, mwanawe alikuwa mgonjwa wa figo, naye akaanza kupiga kelele zake. Tukasikia sauti ya mwanamume ikisema amekosea chumba, na nyayo zikishuka ngazi.

Huenda kweli alikosea. Mpaka leo sijui, na siwezi kumsingizia mtu jambo ambalo sikulithibitisha. Lakini dada alipigwa na mshituko mpaka nikadhani hatufiki spitali naye, na hilo silisahau.

Asubuhi karani akasema paspoti hazitoki mpaka tulipe siku 7. Yule mama wa Kiyemeni, aliyekaa Bombay miezi 4, akanicheka kidogo, akanieleza kwa subira kama ninavyomweleza mtoto wa darasa la kwanza. Spitali zote kubwa za huko zina ofisi ya wagonjwa wa kigeni, na ofisi hiyo ina orodha ya nyumba za kupanga. Anayetumwa na spitali huja na majina yenu yameandikwa. Nyumba ya wageni ni wajibu wake kupeleka habari za mgeni serikalini katika muda wa saa 24, lakini kwa kazi hiyo inatosha kutoa nakala ya paspoti na kukurudishia yako papo hapo. Tukenda spitali. Pale ofisini tulimkuta nesi wa Kerala aliyewahi kufanya kazi Salalah. Alisikiliza, hakutulaumu, akanyanyua simu akazungumza dakika 2 kwa sauti kali. Paspoti zikaletwa kwa pikipiki kabla hatujamaliza chai.

Basi tukahamia Andheri, katika nyumba ya mama mjane anayepangisha vyumba, na tukakaa huko wiki 5. Nataka jamaa wajue kwamba baada ya usiku ule mmoja, wiki zile zilikuwa za raha, na raha yenyewe tuliipata kwa wanawake wa mji.

La kwanza ni treni. Nani asiyezijua treni za Bombay kwa sifa zake za msongamano? Mimi niliziogopa. Mama mwenye nyumba akanichukua mwenyewe mpaka stesheni akanionyesha mahali pa kusimama. Kila treni ya mjini ina mabehewa ya wanawake peke yao, nayo hutambulikana kwa picha ya mwanamke iliyochorwa ubavuni. Toka 1992 kuna hata treni nzima ya wanawake, wanaiita Ladies Special. Tukapanda behewa letu. Subhanallah! Mmoja anakata mboga za chakula cha jioni na kuzitia mfukoni, mwengine anafuma, wanne wanaimba, muuzaji anapita na vibanio vya nywele, na kila anayepanda anawauliza waliokaa watashuka wapi, ili ajue kiti kipi kitakuwa chake. Walipojua sisi ni wageni na kwamba tuna mgonjwa, wakatukalisha kwa nguvu. Mlango haufungwi, na treni haisimami muda mrefu, kwa hivyo anayeshuka lazima aanze kusogea stesheni moja kabla. Wenyewe walitusukuma tukatoka kama korosho kutoka ganda lake. Ila mtu aangalie: mabehewa mengine ni ya wanawake saa za kazi tu, na usiku huingia watu wote. Usiku panda lile la saa 24, ambalo aghlabu huwa na askari ndani.

Mambo haya hayako Bombay peke yake, na wasichana wetu wayatafute kila waendako. Delhi, behewa la kwanza la metro ni la wanawake tangu 2010. Cairo yapo. Dubai mnayajua, tangu ilipofunguliwa 2009. Hata Uingereza, wale wanaotuona sisi wa nyuma kwa kukaa mbali mbali, treni zao zilikuwa na vyumba vya wanawake mpaka 1977.

Pili ni mavazi. Nilikwenda na mabuibui yangu, na katika mitaa ya Waislamu, kama Mohammed Ali Road, hakuna anayegeuza kichwa. Lakini Andheri tulikuwa tukitazamwa sana. Mwanzo nilikasirika, khalafu nikagundua kwamba huko watu hutazama mgeni kama sisi Unguja tulivyokuwa tukimtazama Mzungu, na wengi hawana nia mbaya. Mama mwenye nyumba akatununulia suruali na kanzu zao za kike pamoja na shela lake pana, nguo ya stara kabisa na nyepesi kwa joto, na macho yakapungua. Mtu hapotezi dini yake kwa kuvaa nguo ya stara ya wenyeji.

Tatu, kichwa. Mhindi akikubali hutikisa kichwa upande na upande, na sisi tunadhani amekataa. Dada aliwahi kulala na njaa kwa sababu ya vichwa hivi. Alimwomba mhudumu uji, yule akatikisa, dada akaona amenyimwa, akageukia ukutani. Uji ulipoletwa keshalala.

Upasuaji ulikuwa wa saa 5. Spitali huruhusu mtu mmoja tu kulala na mgonjwa, kwenye kochi jembamba la ubavuni, kwa hivyo mimi na binti tulibadilishana, na anayerudi nyumbani hurudi peke yake usiku. Kila usiku yule binti alinisomea nambari ya gari kwenye simu kabla hajapanda, kwa sauti, ili dereva asikie. Akifika alinipigia. Sikumwambia afanye hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi.

Usiku mmoja, dada amelala na mipira ya dawa mikononi, nilimwomba mwanangu radhi. Nilimwambia nimesomesha wasichana wengi, na kila aliyepaza sauti mbele ya mkubwa nilimwambia hana haya. Nilikuwa nikidhani nawalinda. Yeye akasema, "Mama Mdogo, mimi pale kiwanja cha ndege niliogopa kukuudhi wewe kuliko nilivyomuogopa yule mtu." Sikuwa na la kujibu. Nikamkumbuka mama pale sitahani, na mimi nimejifunika mtandio.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatuma wasichana wa ukoo kitu ambacho wengine wenu kimewachukiza, najua. Binti akija kuniaga, namsimamisha katikati ya ukumbi wangu, namwambia aseme "Sitaki!" mpaka jirani asikie. Wengi mara ya kwanza huitoa kama paka aliyenyeshewa. Tunarudia. Kaka alipita siku moja akadhani kuna ugomvi.

Wako watakaosema kwamba maneno yangu yanawapa wasichana ruhusa ya kutembea bila ya maharimu. Katika fatwa siingii. Masheikh wamekhitalifiana, na hata Saudia, iliyokuwa ikimtaka mwanamke awe na miaka 45 na afuatane na kundi ndipo ahiji bila ya maharimu, tangu 2021 imemruhusu mwenye umri mdogo zaidi kujiandikisha pamoja na wanawake wenzake. Mimi namzungumzia yule ambaye safari imekwisha mlazimu, kama ilivyotulazimu sisi. Na kwa haki niseme, angekuwapo kaka usiku ule, naye angeitikia salamu ile ile akapanda gari ile ile. Anawapenda watu wa salamu kuliko mimi.

Nimekuwa nikimfikiri pia Bibi Salme binti Said, ambaye kila mmoja wetu anamjua kwa mapenzi yake tu. Aliondoka Unguja 1866, 1867 akafika Hamburg, na 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto 3 katika nchi ile ya baridi. Watu husimulia mahaba. Mimi najiuliza, asubuhi ile baada ya maziko, alimwuliza nani bei ya makaa?

Basi wasichana mnaokwenda mwaka huu, ninayowaomba ni haya. Kateni tiketi ya kufika mchana, hata ikizidi bei. Pesa ikipungua njooni kwangu. Jueni kabla ya kuondoka nani atakupokeeni, na mwulizeni yeye akutajieni majina yenu, msimtajie nyinyi. Pesa msiziweke pahala pamoja. Andikeni kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake, kwani simu huzimika, nambari za dharura za nchi mwendayo: India nzima ni 112, ya wanawake wenye shida ni 181, ya treni ni 139, kwengine tafuteni. Mkiingia chombo chochote, fanyeni kama bibi yenu: simameni kwanza, mtazame, mchague mama mmoja, mkae naye, mumsalimu hata kwa ishara. Na moyo ukikataa, semeni, hata kama aliye mbele yenu ni mimi.

Yule mwanangu wa Bombay sasa anafanya kazi ya famasia, na mwaka uliopita alikwenda Istanbul peke yake kwa mafunzo ya wiki 3. Kaka ndiye aliyemsindikiza kiwanja cha ndege, na ndiye aliyenipigia simu usiku kuniuliza kama amefika na kama amekumbuka kabari.

Kabari hii ni ya mti, urefu wa kidole na nusu. Nilimpelekea fundi wa Muttrah kiatu cha binti nikamwambia anichongee umbo la kisigino kile. Ukiisukuma chini ya mlango unaofungukia ndani, anayesukuma kutoka nje ndivyo anavyozidi kuikaza. Haina uzito, na pale kwenye kukagua mizigo hakuna aliyewahi kuikataa. Fundi alinichongea 12, na zimebaki 5. Ziko kwenye kikapu nyuma ya mlango wangu wa mbele. Anayesafiri apite achukue, na akirudi airudishe, kwa sababu yule fundi amestaafu.